Usije Kunitazama

Stillhouse Fork, Kentucky
11 Septemba 2016

Kwa Baba,

Shikamoo. Bibi Verna anakusalimu sana. Magoti yake yametulia tangu mvua ikatike, na mbwa wako Duke bado hajaacha ukorofi, juzi kamkimbiza mleta barua mpaka juu ya boneti ya gari. Mimi sijambo. Wewe je? Ule mgongo ulioumia mgodini unakusumbua kwenye kitanda cha chuma?

Baba, nimeingia bendi ya shule. Napiga lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalomzunguka mtu mwilini kama chatu. Mwalimu hakunijaribu hata kidogo. Aliniangalia tu mlangoni akasema, "Wewe utalibeba." Basi nikalibeba.

Tabu ni sare. Kubwa kuliko zote haikunitosha. Mama mmoja mshonaji akaipasua mgongoni akaongeza kipande cha kitambaa, lakini bluu yake si bluu ya wenzangu. Siku ya kwanza ya gwaride Brantley, yule wa filimbi, akapaza sauti: "Jamani, tarumbeta limemeza ng'ombe!" Uwanja mzima ukacheka. Mimi nilicheka pia, maana ukicheka wanachoka upesi.

Nyuma yangu kulikuwa na mpiga ngoma mmoja, Tanner Lykins, mtoto wa Lykins wa karakana ya matairi. Huyo hakucheka. Akamwambia Brantley, "Na wewe filimbi imekumeza, ndiyo maana hatujakusikia tangu asubuhi." Halafu akaniambia mimi polepole, "Mimi sioni mbali, na miwani nimevunja. Nafuata hicho kiraka chako. Ukipotea wewe, nimepotea na mimi."

Bibi anauliza tuje lini kukuona. Kila mara unasema tusije. Barabara si mbaya, na Bibi bado anaendesha vizuri isipokuwa kwenye kona. Mwaka wa pili huu, Baba.

Mwanao,
Jarrett

---

Gerezani
28 Septemba 2016

Jarrett mwanangu,

Marahaba. Mwambie mama yangu magoti yale asiyapeleke kupanda ngazi za kanisa kila siku, Mungu anamsikia hata akiwa jikoni. Mimi mzima. Chakula chetu ni maharage, na siku wakitaka kutufurahisha ni maharage yenye chumvi. Nanyanyua vyuma uwanjani na vijana, kifua changu sasa ni kama mlango wa ghala. Utanikuta niko imara.

Umenichekesha na tarumbeta. Kina Combs wote ni mabonge, ndivyo tulivyo. Babu yako alivunja kiti cha kinyozi. Lakini sikiliza, mwanangu, usikubali kuwa ng'ombe wa watu. Punguza ule mkate wa mahindi wa Bibi. Kimbia mpaka daraja la juu na kurudi. Nataka nikitoka hapa nikute mwanamume, si lile toto langu la mashavu. Na wasichana watakuona. Au kuna mmoja ameshakuona? Maana barua yako ina kicheko ndani yake ambacho hukuwa nacho. Niambie jina lake, nitakutunzia siri.

Kuja msije kwanza. Hapa si mahali pa kuja kutazama mtu. Vumilieni.

Baba yako,
Lonnie

---

Stillhouse Fork
16 Oktoba 2016

Kwa Baba,

Shikamoo. Huku majani yameshageuka rangi na usiku tunawasha jiko la kuni. Bibi anakohoa kidogo lakini anasema ni moshi. Wewe mgongo haujambo?

Nimefanya ulivyoniambia. Nakimbia mpaka daraja la juu, na mkate sigusi. Bibi amenuna, anasema nimekitukana chakula chake. Lakini suruali imeanza kunilegea, Baba. Nikiisikia inalegea nafurahi kuliko nikila.

Umeniuliza jina. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Si msichana. Ni Tanner.

Sijui nikuelezeje. Lile juma la joto la mwisho wanabendi walikwenda mtoni kuogelea baada ya mazoezi. Wote walivua mashati. Mimi nikakaa kwenye jiwe na shati langu, nikasema nina mafua. Brantley akasema, "Mwacheni, akiingia mto utafurika." Tanner alikuwa ameshavua lake. Aliniangalia, akalivaa tena, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni kama mtu anayekwenda kanisani, akajitupa majini nalo. Akaibuka amelowa, akasema, "Kumbe maji ya leo ni ya watu wenye mashati. Njoo, bonge langu." Hakuna mtu aliyewahi kuniita bonge nikasikia raha. Nikaingia.

Wenzetu walipoondoka tukabaki kwenye jiwe tukijikausha. Akanishika mkono. Basi, ni hivyo tu, Baba. Alinishika mkono mpaka jua likahama pale tulipokaa, na mimi nilibana tumbo muda wote ule nisije nikapumua akaliona. Aliniuliza, "Mbona hupumui?" Nikasema napumua.

Ulisema utanitunzia siri. Bibi sijamwambia, ingawa Tanner akija anampakulia sahani mbili na kumwita "yule mtoto mwembamba anayekula kama mchwa".

Usikasirike. Nijibu upesi.

Mwanao,
Jarrett

---

Gerezani
30 Oktoba 2016

Jarrett,

Barua nimepata. Usiandike tena mambo yale kwenye barua. Huku barua zinafunguliwa na zinasomwa. Andika habari za nyumbani na za shule.

Msalimie Mama. Kikohozi hicho si moshi, apelekwe kwa daktari.

Baba

---

Stillhouse Fork
18 Desemba 2016

Kwa Baba,

Shikamoo. Habari za nyumbani: theluji imeanguka mara moja ikayeyuka. Bibi ametibiwa kifua, amepona. Duke mzima. Habari za shule: nimefaulu hesabu. Sare yangu imepelekwa tena kwa mshonaji, kiraka kimeondolewa. Mwalimu wa bendi amenishika bega mbele ya wote akasema, "Huyu ndiye kijana mwenye nia. Mwigeni." Brantley amenyamaza. Kanisani wanawake wananiambia nimependeza, nimekuwa kama baba yangu ujanani.

Yule mtu uliyenikataza kumtaja hakufurahi. Alisema sasa haoni mbele yake ni nani.

Nakutakia Krismasi njema.

Mwanao

---

Gerezani
8 Januari 2017

Mwanangu Jarrett,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Umenipa zawadi ya Krismasi bila kujua. Nimewasomea wenzangu pale mwalimu aliposema wakuige. Nimewaambia, huyo ndiye damu yangu. Endelea hivyo hivyo, usilegeze kamba. Mtu akiushinda mwili wake hakuna kitakachomshinda.

Yale mengine tutaongea nikitoka. Kuna mambo ya kuongea uso kwa uso.

Naona unaandika kifupi siku hizi. Masomo yamekubana? Niandikie zaidi, hata habari za Duke. Huku siku hazina sura, barua ndiyo inayozipa.

Baba yako,
Lonnie

---

Gerezani
19 Februari 2017

Mwanangu,

Hamjambo? Sijapata barua tangu ile ya Desemba. Nimempigia Mama simu mara mbili, anasema umelala. Saa kumi jioni umelala? Andika, hata mstari mmoja.

Baba yako

---

Hospitali, Lexington
19 Machi 2017

Kwa Baba,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, mkono mmoja una sindano ya maji. Bibi amelala kwenye kiti hapa pembeni, mdomo wazi, koti lake la kanisani mwilini.

Nilianguka kwenye mazoezi ya gwaride. Sikujikwaa. Niliona uwanja umekuwa mweupe, halafu nikawa chini na tarumbeta juu yangu. Wanasema Tanner alitupa ngoma na kunitoa humo ndani kama mtu anayemtoa ndama kwenye waya. Alinibeba mwenyewe mpaka kwenye gari la mwalimu. Baba, mwaka jana wasingeniweza watu wanne.

Daktari ni mwanamke, hana maneno mengi. Aliniambia, "Mwili ukinyimwa chakula hujila wenyewe. Wako umefika kwenye moyo." Sasa moyo wangu unakwenda polepole na unaruka mapigo. Nikila, muuguzi anakaa mbele yangu mpaka nimalize. Jana ilikuwa viazi vya kuponda, kijiko kikawa kizito kama jembe. Nililia mbele ya sahani kama mtoto mdogo. Hata sasa nikijishika mbavu nasikia raha, na najua raha hiyo ni ya uongo, na bado naisikia.

Tanner alikuja siku ya pili. Waliponifunika vibaya akaniona mabega na mgongo. Alisimama pale mlangoni. Nikamwambia, "Ingia basi." Akasema, "Nakuja, nakwenda kununua soda." Hakurudi. Bibi aliniambia, "Mpigie rafiki yako," nikamwuliza, "Rafiki yupi?" Akasema, "Usinifanye mjinga, Jarrett. Mimi nina macho na nina moyo, na vyote vinafanya kazi." Nilipiga. Hakupokea.

Nataka kukuuliza jambo moja, na askari wakisoma wasome. Unakataa nisije kukuona kwa sababu gani? Kwanza nilidhani ni kwa ajili ya unene wangu, kwamba wenzako watakucheka ukiwa na mtoto kama mimi. Ndipo nikapungua. Halafu nikakuambia habari ya Tanner, nikajua sasa zimekuwa sababu mbili. Ile ya pili siwezi kuipunguza. Kwa hiyo niliipunguza ya kwanza mpaka mwisho.

Mwanao,
Jarrett

---

Gerezani
27 Machi 2017

Jarrett, mwanangu, mwanangu,

Nimeomba ruhusa ya kuja Lexington. Wamekataa, wanasema hujafa. Ndivyo alivyosema yule bwana, "Hajafa." Nimerudi chumbani nikakaa chini sakafuni.

Sasa nisikilize. Sijui kuandika mambo haya kwa hiyo nitayaandika vibaya.

Sababu ya kukuzuia usije ni mimi. Sina meno. Ya mbele yalianza kuharibika na vile vidonge nilivyokuwa nakula na kuuza, na yaliyobaki wameyang'oa hapa. Mashavu yameingia ndani kama ya mzee wa miaka themanini. Vyuma nilivyokuambia nanyanyua ni uongo, mgongo hauniruhusu kunyanyua hata ndoo. Ule mwili uliokuwa unakupandisha begani kwenye maonyesho ya wilaya haupo. Nikiongea natema mate. Kuna kioo kimoja cha bati bafuni nacho nakipita nimegeuza uso. Nilisema moyoni, mtoto ana picha yangu ya zamani, abaki nayo. Sikukuonea haya hata siku moja. Nilijionea haya mimi.

Na barua yako ya Oktoba. Askari wa zamu ile aliisoma kwa sauti siku ya kugawa barua, mbele ya kundi zima. Alifika pale pa mtoni akaisoma kwa sauti ya kike. Watu walicheka. Na mimi, Jarrett, nilicheka, kwa sababu hiyo hiyo uliyonieleza wewe, ukicheka wanachoka upesi. Halafu nikaogopa barua ya pili, nikakuandikia vile. Niliona nakukinga. Sikujua kwamba kwako imefika kama mlango unaofungwa.

Nikawasomea wenzangu habari ya kupungua kwako, nikajisifu. Kila siku narudia ile barua yangu ya Januari kichwani. "Usilegeze kamba." Mimi ndiye niliyeandika.

Kijana aliyejitupa mtoni na shati lake kwa ajili yako ni kijana mwema. Mwambie nimesema hivyo. Kama hapokei simu, mwandikie.

Kula, baba. Kula hata kama unalia. Na ukipona, njoo. Nitavumilia kutazamwa.

Baba yako,
Lonnie

---

Stillhouse Fork
14 Mei 2017

Kwa Baba,

Shikamoo. Niko nyumbani. Bibi amepanda nyanya, amenikataza hata kushika jembe. Daktari anasema moyo umepata kovu ambalo halitaondoka. Tarumbeta siwezi tena, wala gwaride, wala kukimbia. Nakula mara sita kwa siku, kidogo kidogo, Bibi akiwa mbele yangu anajifanya anamenya maharage. Siku nyingine nashinda, siku nyingine nashindwa, na siku niliyoshindwa Bibi hanisemi, anaosha tu sahani kwa nguvu.

Nilikwenda karakana kwa Lykins. Mama yake Tanner alitoka akifuta mikono. Akasema Tanner yuko kwa kaka yake Ohio, anafanya kazi ya paa za nyumba, shule ataimalizia huko. Nilimwuliza kama aliacha ujumbe. Akanitazama kwa huruma ambayo sitaki kuiona tena. "Amekuwa halali usiku, mwanangu," akasema. "Usimlaumu."

Barua yako naiweka chini ya mto. Sijui nikujibu nini kuhusu ile ya Januari. Ulikosea, na mimi nilitaka ukosee hivyo hivyo. Nilifurahi sana siku nilipoipata.

Tumekubaliwa kuja Jumamosi ya pili ya Juni.

Mwanao,
Jarrett

---

Stillhouse Fork
18 Juni 2017

Kwa Baba,

Shikamoo. Tulifika salama, ingawa Bibi alikosa njia akatupeleka mpaka karibu na mpaka wa Tennessee, akasema alitaka kuona mashamba ya tumbaku. Ameanza kusema anakuja tena. Anawahadithia wenzake kanisani jinsi alivyokuambia, "Lonnie, toa mkono huo mdomoni, meno yako ya kwanza niliyaotesha mimi kwa maziwa yangu," na kila akihadithia askari wanazidi kucheka.

Lakini wewe hukucheka, na unajua kwa nini. Ulipoingia ukautoa ule mkono, nilishtuka. Niligeuza uso nikatazama mashine ya soda. Ilikuwa mara moja tu, kisha nikarudi, lakini uliona. Nilijua umeona kwa sababu ulinisaidia. Ulianza kuniuliza habari za Duke.

Nisikufiche. Nilikuogopa. Mimi ambaye maisha yangu yote nimewaombea watu wasinitazame vile, nilikutazama vile. Na wewe pia ulishtuka, Baba. Uliponikumbatia mkono wako ulifika mbali kuliko ulivyotegemea ukabaki hewani. Tulikaa mezani kama watu wawili waliotumwa kuja kuchukua mtu mwingine.

Hatukuzungumza yale ya kuzungumza uso kwa uso. Nilidhani tutayazungumza. Uliniuliza tu, "Na yule kijana?" nikasema, "Yuko Ohio," ukasema, "Ohio si mbali," na Bibi akasema si mbali. Halafu askari akasema muda umekwisha.

Nyumbani nilimpigia Tanner. Sikutegemea apokee. Akapokea. Nikamwambia, "Nimetoka kumwona Baba. Nimemtazama vibaya." Kisha akasema, "Na mimi nilikutazama vibaya, siku ile hospitali. Niliona mifupa ya mgongo wako nikaogopa. Nilikwenda kwenye gari nikatapika. Ningerudi na uso gani?"

Nikamwambia, "Ungerudi na huo huo."

Akasema, "Ningekuwa nahesabu kila tonge lako, Jarrett. Nilikuwa nimeshaanza tangu Novemba. Nikilala nahesabu. Siwezi." Alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia, na nyuma yake kaka yake alikuwa anapiga kelele kwamba chakula kimepoa. Nikamwuliza kama atakuja wakati wa Krismasi. Alisema kesho ana paa la kumalizia kabla jua halijawa kali. Nikamwambia awe mwangalifu juu huko, haoni mbali. Akasema amenunua miwani.

Hiyo ndiyo habari yangu yote. Sijapona, usimwamini Bibi akikuambia nimepona. Jana nilimaliza sahani, leo sikumaliza. Moyo unaruka nikipanda ngazi za kanisa, nakaa katikati ya ngazi na wazee.

Jumamosi ya pili ya Agosti nitakuja tena. Usinyoe, usijipange, na ule mkono uache mezani. Nitakaa mbele yako nikutazame mpaka nikuzoee. Na wewe unitazame.

Mwanao,
Jarrett